Funzo la Leipzig kwa Mwalimu wa Kidato cha Kwanza

Utangulizi

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu vya ualimu kumpima mwanachuo aliyesoma Ulaya kwa cheti alichorudi nacho. Akirudi na shahada twampongeza, na pengine twamwomba atuelezee baridi ya huko, vyakula vya huko, na namna watu wa huko wanavyokimbilia garimoshi. Aghalabu hatumwulizi swali ambalo lingetufaa zaidi sisi tunaobaki na chaki mkononi, nalo ni hili: huko ulikokwenda, ulifundishwaje?

Makala hii inakusudia kuliuliza swali hilo na kulijibu kwa mfano mmoja. Mfano wenyewe ni wa mwanachuo aliyehitimu stashahada ya ualimu wa sayansi na hisabati katika chuo chetu, akafanya kazi ya kufundisha kwa muda, kisha akapata nafasi ya kusoma katika mji wa Leipzig nchini Ujerumani. Aliporudi likizo alikaa nasi wakufunzi alasiri nzima, akatusimulia si yale aliyoyasoma bali jinsi alivyoyasoma. Tangu siku hiyo tumelijadili jambo hilo mara nyingi miongoni mwetu, na maoni tunayoyatoa hapa ndiyo matunda ya mjadala huo.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya. Faida kubwa ya kusoma ugenini kwa mtu aliyekwisha kuwa mwalimu ni kwamba anarudishwa kuwa mwanafunzi asiye na lugha. Katika hali hiyo huyaona kwa macho yake mambo ambayo mwanafunzi wetu wa Kidato cha Kwanza huyaona kila mwaka bila ya kuwa na uwezo wa kutusimulia. Maadamu tunalo shahidi mzima aliyepitia hali hiyo, na tena shahidi mwenye elimu ya ualimu, hatuna udhuru wa kutomsikiliza.

Mji na Maandalizi Yake

Leipzig ni mji wa mashariki ya Ujerumani, katika jimbo la Saxony, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1409. Kwa walimu wa lugha mji huu una historia ya pekee. Mwaka 1956, katika zama za Ujerumani ya Mashariki, ilianzishwa hapo taasisi ya kuwaandaa wanafunzi wa kigeni, na mwaka 1961 taasisi hiyo ikapewa jina la Johann Gottfried Herder, mwanafalsafa aliyeishi kati ya 1744 na 1803 na aliyeandika sana juu ya asili ya lugha. Vijana kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walipitia hapo kujifunza Kijerumani kabla ya kutawanyika kwenda kusomea udaktari, uhandisi, kilimo na fani nyinginezo. Dola ile ilikwisha mwaka 1990, lakini jina la Herder bado limo katika chuo kikuu kile, na kazi ya kuwaandaa wageni haikukoma.

Katika Ujerumani ya leo, mgeni ambaye cheti chake cha nyumbani hakihesabiwi kuwa sawa na kile cha Kijerumani cha kuingilia chuo kikuu hupitia maandalizi ya mihula miwili, yaani mwaka mzima. Hata kuingia katika maandalizi hayo hakuwezekani mpaka awe amepata msingi wa Kijerumani na kuuthibitisha kwa mtihani. Akishaingia, hukaa darasani saa zipatazo 30 kwa juma. Husoma Kijerumani, na pamoja nacho masomo ya mchepuo wake. Anayekusudia uhandisi au sayansi husoma hisabati, fizikia na kemia, na anayekusudia udaktari husoma biolojia na kemia. Mwisho hufanya mtihani, na akifaulu ndipo anapokwenda kukaa katika ukumbi wa mihadhara pamoja na wenyeji.

Yafaa msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Mtu huyu ni mtu mzima, na mambo mengi anayofundishwa katika fizikia ya maandalizi amekwisha kuyasoma nyumbani. Hata hivyo wenyeji wake hawamwambii aingie darasani akajitahidi tu. Wanampa muda, wanampa walimu waliosomea kazi ya kufundisha wageni, na wanamfundisha elimu na lugha ya elimu hiyo kwa pamoja. Mwanachuo wetu, ukihesabu miezi ya kujenga msingi na mihula miwili ya maandalizi, alitumia karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya kuhesabiwa kuwa tayari kusoma kwa Kijerumani.

Mwanafunzi Hodari Anaponyamaza

Hapa nyumbani mwanachuo wetu hakuwa mtu wa kukaa nyuma. Katika hisabati alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na katika mazoezi ya kufundisha wakufunzi walimsifu kwa ufasaha wake. Kule Leipzig, katika miezi ya mwanzo, alijikuta ameketi mstari wa mwisho karibu na dirisha. Hakuambiwa akae hapo. Alipachagua mwenyewe, kwa sababu jicho la mwalimu huchelewa kufika huko.

Darasa lilikuwa na wanafunzi wa nchi nyingi, na hawakuwa na lugha moja ambayo mwalimu angeweza kuikimbilia ili kutafsiri. Mwalimu alipomaliza kueleza jambo aliuliza kama limeeleweka, na mwanachuo wetu aliitikia kwa kichwa kwamba limeeleweka. Halikuwa limeeleweka. Aliitikia kwa sababu kuitikia kulikuwa njia fupi ya kuepuka swali la pili. Ndipo, kwa maelezo yake, alipokumbuka jambo ambalo alikwisha kuliona mara nyingi bila ya kulitambua. Alipokuwa akifundisha Kidato cha Kwanza hapa nyumbani, kila mwisho wa maelezo aliuliza kwa Kiingereza kama wameelewa, na darasa zima likaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Yeye akageukia ubao na kuendelea na somo, moyo wake umetulia. Kule Leipzig aliitambua sauti ile ya pamoja kuwa ni sauti ya watu waliojificha.

Kuna mambo mengine madogo aliyotusimulia ambayo sisi walimu wa hisabati na sayansi twapaswa kuyatafakari. Katika Kijerumani namba hutamkwa mamoja kabla ya makumi. Sisi tunasema themanini na nne. Wao husema nne na themanini. Mwalimu alipotaja namba ya 84 ili waiandike, mwanachuo wetu alisikia nne kwanza, akaandika 4, kisha akasikia themanini, akaandika 8 mbele yake. Akafanya hesabu yote kwa 48, na hesabu yenyewe haikuwa na kosa hata hatua moja, lakini jibu likawa si sahihi. Kadhalika Wajerumani huandika mkato pale tunapoandika nukta ya desimali, na huweka nukta pale ambapo sisi hutenga maelfu, hata 3.500 kwao ni elfu tatu na mia tano. Mtu asiyejulishwa jambo hilo ataonekana hajui desimali, ilhali anazijua vizuri sana.

Saa nazo zilimsumbua. Mjerumani anapotaka kusema saa moja na nusu asubuhi, husema nusu ya nane, yaani nusu ya kuiendea saa ambayo kwake ni ya nane. Mwanachuo wetu alisikia nusu, akasikia nane, akadhani ni baada ya nane, akafika darasani akiwa amechelewa saa nzima. Tena mwezi Desemba kule jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kiasi cha saa kumi alasiri kwa hesabu yetu. Hesabu yetu ya saa, inayoanzia mapambazuko, imezaliwa katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana. Ikipelekwa Leipzig wakati wa kipupwe hukosa mahali pa kusimama. Hapo mwanachuo alijifunza kwamba hata jambo tunalolidhania kuwa rahisi kuliko yote, kama kutaja saa, lina mizizi katika mahali na katika lugha.

Twayataja haya kwa sababu yanaonyesha hatari moja ya kazi yetu. Tunaposahihisha daftari twaona jibu tu, na pale lilipoanzia kupotoka hatupaoni. Mwanafunzi aliyekosa kwa sababu hajui kugawanya, na mwanafunzi aliyekosa kwa sababu hakuelewa neno moja katika swali, wote wawili hupata alama ileile ya mkasi. Kisha twawaita wote wawili wazito wa hesabu.

Kupaaza Sauti na Kufafanua

Miongoni mwa aliyoyapata mwanachuo wetu, moja lilitokea nje ya darasa. Alikwenda katika ofisi moja ya mji kupeleka fomu zake, na karani akamwuliza swali ambalo hakulielewa. Karani akalirudia swali lilelile, kwa maneno yaleyale, ila kwa sauti kubwa zaidi. Aliposhindwa tena kujibu, karani alirudia mara ya tatu, na sasa watu wote waliokuwa wakingoja wakageuka kumtazama. Sauti iliongezeka mara tatu, maana haikuongezeka hata mara moja.

Ni nani kati yetu asiyemfahamu karani huyo? Twamwona katika madarasa yetu kila tunapokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwalimu anasema sentensi ya Kiingereza, wanafunzi wanamkodolea macho, naye anairudia sentensi ileile kwa ukali. Kurudia si kufafanua. Kufafanua ni kubadili njia: kuleta kitu chenyewe, kuchora, kutenda, kutoa mfano ulio karibu, au kulitaja neno la Kiswahili ambalo mwanafunzi tayari analo.

Kinyume cha karani huyo alikuwa mwalimu wa fizikia wa mwaka wa maandalizi. Mwalimu huyo alikuwa na taratibu nne ambazo mwanachuo wetu alizinakili katika daftari lake kama mtu anayenakili andalio la somo. Kwanza, kabla ya somo kuanza, aliandika upande wa kushoto wa ubao maneno yapatayo kumi ambayo somo lingeyahitaji, akayatamka, wanafunzi wakayatamka, na maneno hayo hayakufutwa mpaka kipindi kiishe. Pili, alipouliza swali alinyamaza. Alingoja hata wanafunzi wakaona haya ya ukimya ule, na polepole mmoja akainua mkono. Tatu, alikubali jibu kwa njia yoyote iliyoonyesha fikra, iwe mchoro, iwe kanuni, iwe kitendo cha mkono, kisha akamsaidia mwanafunzi kulivika jibu hilo maneno ya Kijerumani. Nne, alisahihisha kwa rangi mbili. Rangi moja ilihusu fizikia na ya pili ilihusu lugha, na kosa la lugha halikupunguza alama za fizikia.

Hatuoni katika taratibu hizo nne hata moja inayohitaji fedha za wafadhili. Zote zinahitaji ubao, chaki, kalamu mbili na mwalimu aliyekubali kwamba lugha ni sehemu ya somo lake. Mwalimu wa fizikia hakusema kuwa Kijerumani ni kazi ya mwalimu wa Kijerumani.

Mji Uleule na Lugha Yake Mwenyewe

Huenda msomaji akafikiri kwamba Wajerumani tangu zamani walikuwa na lugha iliyo tayari kwa elimu, na kwamba sisi twajilinganisha na watu wasiolingana nasi. Historia ya Leipzig yenyewe inakataa dhana hiyo. Kwa karne nyingi mihadhara ya chuo kikuu kile, kama ya vyuo vikuu vingine vya Ulaya, ilitolewa kwa Kilatini, lugha ambayo hakuna mtoto wa Kijerumani aliyenyonya nayo. Mwaka 1687 mwalimu mmoja wa sheria, Christian Thomasius, aliyezaliwa mji huohuo mwaka 1655, alibandika tangazo la mhadhara lililoandikwa kwa Kijerumani, na mhadhara wenyewe akautoa kwa Kijerumani. Wenzake wengi walichukizwa. Kwao Kilatini kilikuwa ndiyo elimu yenyewe. Thomasius alikuwa na magomvi mengine pia na wakubwa wa mji, na mwaka 1690 aliondoka Leipzig akaenda Halle, ambako chuo kikuu kilizinduliwa mwaka 1694. Huko Halle, Christian Wolff naye aliandika vitabu vya hisabati na vya falsafa kwa Kijerumani, akitafuta maneno ya Kijerumani kwa dhana zilizozoea kutajwa kwa Kilatini. Katika karne ya 18 Kijerumani kikachukua nafasi ya Kilatini hatua kwa hatua.

Matokeo ya kazi hiyo mwanachuo wetu aliyakuta katika kemia. Oksijeni kwa Kijerumani huitwa maada ya ukali, haidrojeni huitwa maada ya maji, kaboni huitwa maada ya makaa, na jina la naitrojeni linatokana na neno la kukosa pumzi. Haya ni maneno ambayo mtoto wa Kijerumani ameyasikia jikoni kwao kabla ya kuyasikia maabara. Mwanachuo wetu alipoyafahamu alisema kwamba alihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Sisi hatusemi kwamba Kiswahili lazima kifuate njia hiyohiyo; oksijeni na kaboni ni maneno yetu sasa na yanatutosha. Tunachosema ni kwamba lugha ya elimu hutengenezwa na walimu wanaokubali kufundisha kwayo.

Na hapa kwetu tunao mfano wa mwalimu aliyekwenda ugenini akarudi na kazi kama hiyo mkononi. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule huko Tabora kabla ya kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu. Miaka iliyofuata, pamoja na mzigo wa kuongoza nchi, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Kilichomvutia katika lugha ya wengine alikileta katika lugha ya watu wake, ili asiyejua lugha ile naye akipate.

Mwaka wa Lugha au Lugha ya Nyumbani

Sasa tuligeukie darasa letu. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule hiyo, na Kiingereza hukisoma kama somo. Akiingia Kidato cha Kwanza hukuta karibu masomo yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa maandalizi hupewa mafunzo ya awali ya lugha ya wiki chache tu. Baada ya hapo fizikia, historia, jiografia na biolojia huanza kumiminika.

Linganisha mambo hayo mawili. Mtu mzima mwenye stashahada alipewa Leipzig karibu mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa miaka 13 au 14 anapewa hapa wiki chache. Tena yule mtu mzima alipotoka darasani alikikuta Kijerumani dukani, katika tramu, na kwa jirani wa mlango wa pili. Mtoto wetu akitoka darasani hukutana na Kiswahili au lugha ya mama yake, na hilo si kosa lake wala si aibu. Kiingereza chake kinaishi ndani ya vipindi vya dakika 40, na katika vipindi hivyo mwenye kusema sana ni mwalimu.

Mjadala wa lugha ya kufundishia katika nchi yetu ni wa siku nyingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo iliufungua mjadala huo upya. Kwa upande wetu, tukitazama alichokiona mwanachuo wetu, twaona njia za haki ni mbili tu. Ya kwanza ni kumfundisha mtoto kwa lugha anayoielewa, kama Thomasius alivyothubutu. Ya pili ni kumfundisha kwa lugha ya kigeni baada ya kumpa maandalizi ya kweli, kama Leipzig ya leo inavyomfanyia mgeni. Kila njia ina watetezi wake na gharama zake. Njia ya tatu, ya kumnyima mtoto lugha yake na kumnyima pia maandalizi, haina mtetezi hata mmoja, na ndiyo tunayoifuata.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba mtoto hujifunza lugha upesi kuliko mtu mzima. Ni kweli pale anapocheza, anapogombana na anapocheka katika lugha hiyo tangu asubuhi hadi usiku. Si kweli pale anaponakili ubaoni maneno asiyoweza kuyatamka. Watakuwapo pia watakaosema kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na mtihani hausubiri. Kwao twasema kwamba kipindi kisichoeleweka hakihesabiwi kuwa kimefundishwa. Mwalimu aliyemaliza muhtasari peke yake, huku wanafunzi wakiwa wamebaki mada ya kwanza, amekamilisha azimio la kazi lakini kazi yenyewe ingali haijafanyika.

Mambo Tunayopendekeza

Mwalimu wa darasani hana mamlaka ya kubadili sera ya lugha, lakini ana mamlaka juu ya ubao wake. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu yanayoweza kuanza muhula huu.

Kwanza, kila chuo cha ualimu kiweke kipindi cha mfano katika lugha ambayo wanachuo hawaijui. Hatuhitaji kumwita Mjerumani. Katika vyuo vyetu wamo wakufunzi wanaojua Kiarabu au Kifaransa, na wamo wanaojua Kisukuma, Kihaya, Kimakonde au Kinyakyusa. Mkufunzi mmoja afundishe kwa lugha hiyo somo rahisi, kama kujumlisha sehemu au mzunguko wa maji, kwa dakika 40 kamili, kisha atoe jaribio na alisahihishe kwa ukali wa kawaida. Baada ya hapo kila mwanachuo aandike ni dakika ya ngapi aliyoacha kujaribu kuelewa, na alifanya nini ili mwalimu asimtambue. Kwa maoni yetu kipindi hicho kimoja kitamfaa mwalimu mtarajiwa kuliko mihadhara kumi juu ya saikolojia ya mwanafunzi.

Pili, taratibu nne za yule mwalimu wa fizikia ziingizwe katika fomu za andalio la somo. Pawe na nafasi ya kuandika maneno mapya ya somo, si istilahi ngumu peke yake bali pia maneno ya kawaida ya maswali, kama linganisha, eleza na thibitisha, ambayo ndiyo yanayowaangusha wengi. Mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha aangalie kama mwanachuo anangoja jibu, kama anakubali fikra sahihi iliyotolewa kwa Kiswahili na kuisaidia ivuke kwenda katika Kiingereza, na kama anatenga kosa la lugha na kosa la somo. Mwanafunzi anayeeleza kwa Kiswahili sababu ya jua kuonekana likihama ameelewa jiografia. Kilichobaki ni kumpa maneno. Kumwadhibu kwa kusema Kiswahili ni kuufunga mlango wakati amekwisha kuufikia.

Tatu, mwanachuo au mkufunzi yeyote arudipo kutoka masomoni nchi za nje atakiwe kutoa taarifa ya namna alivyofundishwa, hasa katika siku zake za ububu. Kwenda huko si jambo la wengi. Mwaka 2024 mgeni aliyeomba viza ya kusoma Ujerumani kwa gharama zake mwenyewe alitakiwa aonyeshe kuwa ana euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja, na ni wazazi wachache mno katika nchi yetu wanaoweza kufikiria fedha kama hizo. Ndiyo maana lile analolipata mmoja halina budi kugawanywa kwa wengi. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Alichookota akikificha ndani ya cheti chake, sisi wengine tumepata nini?

Hitimisho

Wapo wanaoogopa kwamba kijana akienda Ulaya atarudi na dharau, akitutazama sisi na ubao wetu uliopasuka kama watu waliopitwa. Hofu hiyo ina msingi wakati mwingine. Lakini mwanachuo tuliyemzungumzia hakurudi na dharau, na sababu yake twaifahamu: alikaa muda mrefu mahali ambapo yeye ndiye aliyeonekana mjinga. Mtu aliyeonekana mjinga huku akijua kwamba si mjinga hupata shida kumwita mtoto mwingine kwa jina hilo.

Mwezi Januari madarasa ya Kidato cha Kwanza hujaa watoto waliofaulu. Wanafika na sare mpya na madaftari yasiyo na doa, na kila mmoja wao katika shule aliyotoka alikuwa akiinua mkono. Kabla ya mwezi Machi kwisha wengi wao huwa wameteremsha mikono, na sisi huandika katika taarifa zetu kwamba ni wavivu au kwamba hawashiriki. Tunawaomba walimu wenzetu, kabla ya kuandika neno hilo mwaka huu, waufute ubao upande wa kushoto, waandike maneno kumi, waulize swali moja, kisha wangoje.